Kompyuta Inayongoja Ghala Lifunguliwe

Leo tutasoma habari za kungoja. Si kungoja gari la kwenda Tarime mjini, bali kungoja kwa kompyuta.

Pengine umepata kuliona jambo hili. Umeme ulikatika, sasa umerudi. Karani anawasha kompyuta, nawe umesimama mbele ya meza na karatasi zako. Mashine inawaka, lakini kazi haianzi. Karani asema, "Subiri kidogo, mama." Je, mashine inangoja nini?

Nchini kwetu kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa peke yake. Haikuwa na jirani wa kumngoja. Mwaka 1974 serikali ilikataza kuingiza kompyuta nchini, kwa hiyo haya yanayofuata yalianza mbali na kwetu.

Mwaka 1985, huko Marekani, kampuni ya Sun Microsystems ilieneza njia ya kuziwezesha kompyuta nyingi kutumia faili zilizowekwa katika kompyuta moja. Hiyo moja huitwa seva. Ifikirie kama ghala la mahindi la ukoo: nyumba ni nyingi, ghala ni moja. Russel Sandberg na wenzake, walioitengeneza njia hiyo, walikata shauri kwamba seva isiwe na haja ya kukumbuka nani anaitumia. Ikizimika na kuwaka tena, wengine huiuliza upya, na kazi huendelea. Kompyuta isiyojibiwa huuliza tena na tena, hata kutwa nzima. Mimi naona shauri hilo lilikuwa la busara, maana kuchelewa ni afadhali kuliko kuandika nusu ya hesabu.

Lakini taabu ilikuwa saa ya kuwaka. Chukua seva mbili, kila moja ikitumia faili za mwenzake. Umeme ukirudi, zote mbili huamka pamoja. Ya kwanza yabisha hodi kwa ya pili, na ya pili yabisha hodi kwa ya kwanza. Kila moja iko nje, mlangoni pa mwenzake, nani atafungua? Hukaa hivyo mpaka fundi aje.

Dawa yake ilikuwa agizo fupi la herufi mbili tu, "bg". Maana yake: jaribu mara moja; usipojibiwa, endelea kuamka, huku ukiuliza kando kando. Baadaye ikaja njia nyingine, ya kutoiita seva mpaka mtu atake kufungua faili. Na programu ya systemd, iliyotoka mwaka 2010, kwa kawaida hungoja sekunde 90, kisha huacha kungoja.

Basi, taabu imekwisha? La. Tuseme ni zahanati. Kompyuta imeamka bila seva. Pale panapokaa faili za seva pamebaki kama chumba kitupu. Mhudumu hana habari. Anaandika humo uzito wa watoto waliopimwa asubuhi. Alasiri seva inarudi, na faili zake zinapangwa mbele ya zile za asubuhi, zikazifunika. Hazikufutwa, lakini hazionekani. Mwezi ujao mama arudi na mwanawe, aambiwe kwamba mara iliyopita hakuja! Ndiyo sababu fundi mwangalifu hukifunga chumba kile kitupu, mtu asiweze kuandika humo mpaka seva ipatikane.

Sasa fungua daftari lako ujibu. Katika zahanati yenu, ungetaka kompyuta ingoje seva, au iamke bila seva? Na uzito wa mtoto uandikwe wapi wakati huo?