Vuli ya Mwaka wa Uhuru

Nilipokuwa nafundisha katika chuo cha ualimu, karibu kila mwaka nilikutana na swali lilelile. Katika masomo ya Kiingereza yalikuwamo maelezo ya majira manne ya Ulaya, na mwanachuo mmoja angeinua mkono: haya majira ya kupukutika majani, watu wanapokusanya mavuno kabla ya baridi, kwa Kiswahili tuyaiteje? Kamusi ilijibu: vuli. Hapo darasa zima lingecheka, maana kwetu vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, na wala hakuna majani yanayopukutika, yanachipua.

Mimi sikucheka. Nilizaliwa katika kihamba, mteremkoni mwa Mlima Kilimanjaro, na kwetu vuli ilikuwa kweli majira ya kukusanya. Mwenye kahawa hukusanya huku akitazama juu, kwa kuwa mvua ileile inayootesha maharage yake ndiyo inayoweza kumharibia kahawa iliyoanikwa.

Msomaji asiyeijua nchi yetu na aelewe kwanza kihamba ni nini. Ni shamba la nyumbani, linalorithiwa katika ukoo. Chetu kilikuwa cha ekari mbili hivi. Juu ilitanda migomba, chini yake mibuni, na chini kabisa viazi vikuu, magimbi na maharage. Ng'ombe walifungwa zizini. Samadi yao ilirudi kwenye migomba, na maji yalitujia kwa mifereji iliyochimbwa na wazee wetu zamani sana. Kahawa ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1925 wakulima wenyeji walianzisha chama chao cha wapandaji kahawa, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU. Baba yangu alikuwa mwanachama wa chama cha msingi kijijini kwetu. Alikuwa na namba na kitabu cha malipo, na kitabu hicho alikitunza kuliko kitu chochote ndani ya nyumba.

Kazi za vuli tuligawana hivi. Baba alizibua mfereji, akapogoa matawi yaliyokauka, akaegemeza kwa miti yenye panda migomba iliyoelemewa na mikungu. Mama alipanda maharage, na kila siku aliteremka tambarare kukata majani ya ng'ombe, akapanda na mzigo kichwani kwa saa nyingi. Kuchuma kahawa kulikuwa kwa wote. Zilichumwa zilizoiva tu, nyekundu, na zilikobolewa jioni ileile kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, maana zikilala huharibika. Baada ya hapo ziliachwa siku moja au mbili mpaka ule utelezi ukalegea, zikaoshwa kwa maji mengi ya mfereji, kisha zikaanikwa juu ya vitanda vya wavu. Hapo kazi ilikuwa ya watoto: kugeuzageuza, kuchambua mbovu, na kufunika kila wingu lilipotokea. Jua likiwa zuri, majuma mawili yalitosha. Baba aliuma punje moja, akasikiliza mlio wake menoni, akasema, "Bado," au akasema, "Leteni gunia."

Ndizi zilikuwa za mama. Kahawa ilikuwa ya baba. Mama aliuza ndizi sokoni, akanunua chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Fedha za kahawa zilikuwa za mambo makubwa, na kubwa kuliko yote lilikuwa ada ya shule. Malipo ya chama yalikuja kabla ya Krismasi; shule zilifunguliwa Januari. Hivyo kati ya mbuni na darasa palikuwa na majuma machache tu, na majuma hayo ndiyo vuli.

Sasa nije kwenye mwaka 1961. Vitabu vya historia vinaueleza vizuri, nami nimeufundisha mara nyingi: tarehe 9 Desemba Tanganyika ilipata Uhuru, na Luteni Alexander Nyirenda akasimika bendera na Mwenge kwenye kilele cha mlima wetu. Kisichoandikwa sana ni hali ya hewa. Ukame ulikuwa umezitesa sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Kisha ikaja vuli ambayo wazee hawakupata kuiona. Mvua ilinyesha Oktoba, Novemba na Desemba kana kwamba haikumbuki kwisha. Wataalamu wanasema kuwa kuanzia mvua zile hadi mwaka 1964 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kwa zaidi ya mita 2. Zaidi ya hayo, bei ya kahawa duniani ilikuwa imeshuka tangu katikati ya miaka ya 1950. Mkataba wa kimataifa wa kuizuia isianguke zaidi ulitiwa saini mwaka 1962, sisi tukiwa tumekwisha kuuza.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la nne, nikingoja matokeo ya mtihani wa kuingia darasa la tano. Dada yangu alinizidi miaka miwili na alikuwa darasa la sita. Alikuwa na akili kunizidi, na hili silisemi kwa unyenyekevu wa uzee. Hesabu zangu za jioni alizisahihisha yeye.

Mwishoni mwa Novemba tulipata siku chache za jua. Kahawa iliyokuwa imeanikwa kwa majuma matano ikaanza kulia menoni. Siku moja mchana zamu ya kulinda vitanda ilikuwa yangu. Baba alikuwa mferejini. Mama na dada walikuwa wameteremka kukata majani. Kutoka uwanja wa shule nilisikia wenzangu wakifanya mazoezi ya nyimbo na gwaride la Uhuru. Nilijiambia kwamba nitakwenda kutazama kidogo tu, nirudi. Nilipewa bendera ndogo ya karatasi nikaingia katika mstari. Mvua iliponyesha, nilikuwa katikati ya uwanja.

Niliporudi, dada alikuwa amekwisha kufika, amelowa, akikusanya kahawa iliyolowa kwa mikono yake. Hakunigombeza. Alisema tu, "Shika upande ule."

Baba alipandisha kahawa darini, juu ya moto wa jikoni, ili isiote ukungu. Haikuota ukungu, lakini ilishika moshi. Kwenye chama karani aliingiza mkono guniani, akanusa, akatazama chini, akaandika daraja la chini. Nisimlaumu, kahawa hunyonya harufu, na mnunuzi wa mbali hanunui moshi wa jiko letu. Usiku wa Uhuru wazee walikunywa mbege na watoto tuliimba. Mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu, hatukuona chochote.

Januari 1962 baba alihesabu fedha juu ya meza, mara mbili. Nilikuwa nimefaulu. Ada ilikuwa ya mtoto mmoja. Mama alisema kwamba anaweza kuuza ndizi zaidi. Baba akajibu kwamba ndizi haziwezi kulipa ada. Jumatatu nilikwenda shule nimevaa kaptura mpya. Dada alichukua mundu akafuatana na mama.

Yaliyofuata ni historia inayojulikana. Ada za shule za msingi zilifutwa mwaka 1973. Dada wakati huo alikuwa ana watoto watatu. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa miaka ya 1980. Mgawo wa soko la dunia ulivunjika mwaka 1989, wanunuzi binafsi wakaruhusiwa katika msimu wa 1994/95, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ilishuka mno hata majirani wengi wakaacha kupalilia mibuni yao, wakapanda nyanya na mahindi. Mimi nilisomea ualimu, nikafundisha, nikawa mkuu wa chuo. Niliwapokea wasichana wengi waliotaka kuwa walimu, na kila nilipotia saini barua ya kumpokea mmoja wao niliona vitanda vya kahawa vimelowa. Kwa miaka sitini niliamini kwamba gwaride langu ndilo lililomtoa dada shuleni.

Vuli iliyopita nilikwenda kumtembelea. Bado ana mibuni michache, na tulikaa pamoja kitandani kwa kahawa tukichambua, kama zamani, macho yetu yote mawili yakiwa yamechoka. Nilimwambia nililolificha: kwamba siku ile sikuwa nimelala wala sikuwa naumwa kama nilivyomdanganya baba, nilikwenda kuimba.

"Nilijua," alisema. "Ulikuwa na bendera mfukoni."

Nikamwomba msamaha. Alitupa punje mbovu pembeni, akanitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyekosea hesabu nyepesi.

"Mwalimu," alisema, "ile kahawa hata ingekauka ikang'aa, ungekwenda wewe. Baba alikwisha kusema tangu mwezi wa nane, kabla ya mvua. Mimi na mama tulikuwa tunaijua hiyo. Ndiyo maana mama alizungumza habari ya ndizi."

Nilikaa kimya. Nimefundisha historia maisha yangu yote, nikiwaambia vijana watafute sababu, wasiridhike na tukio. Na katika historia ya nyumba yangu mwenyewe nilikuwa nimeridhika na tukio. Mvua ilikuwa rahisi kulaumiwa. Hata kosa la mtoto lilikuwa rahisi, kwa sababu mtoto husamehewa. Uamuzi uliofanywa Agosti na mtu niliyempenda, jua likiwa linawaka, sikupata kuutafuta.

Nimekirithi kile kitabu cha baba. Msimu wa 1961 umeandikwa kwa wino wa buluu: uzito, daraja, shilingi, na jina moja. Hakuna mahali palipoandikwa nani alichuma, nani aliosha, nani aliikusanya kwa mikono siku ya mvua. Nimeongeza karatasi moja ndani yake nikaandika majina hayo, la mama na la dada. Nilimsomea dada nilichoandika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama juu ya migomba.

"Vizuri," alisema. "Sasa tufunike. Wingu lile linakuja."