Vitz au Mat?

Pesa ya Vitz ninayo, lakini bado kila asubuhi napanda mat hapa Donholm. Babu anacheka tu. Yeye alianza kuzipanda zikiwa haramu, nauli sarafu tatu za senti kumi, na jina matatu likatoka hapo. Basi za KBS, zilizoanza 1934, hazikuwatosha watu wa Eastlands. Polisi wakisimamisha gari, abiria wote walijifanya jamaa za dereva! Mwaka wa 1973 Kenyatta akaziruhusu zibebe watu bila leseni ya PSV.

Na Vitz nayo itakwama Jogoo Road ileile, ambayo babu aliijua kama Doonholm Road, niko peke yangu ndani nikichoma mafuta. Lakini mama anaugua figo, na saa tisa usiku hakuna makanga stejini. Jumamosi naenda kuiona hiyo gari.