Herb Ritts na Picha za Wamaasai: Suala la Mahali Pasipotajwa

Herb Ritts (1952–2002), mpiga picha wa mitindo na watu mashuhuri kutoka Los Angeles, hakuficha kwamba alipenda wanaume. Anakumbukwa hasa kwa kuudhihirisha uzuri wa mwili wa mwanamume. Katika kitabu chake *Africa* (1994), jicho hilohilo liliwatazama Wamaasai. Hata hivyo, anwani za picha zake za Marekani zilitaja mahali: Hollywood mwaka 1989, El Mirage mwaka 1990. Picha ya Loriki mwenye mkuki, ya mwaka 1993, iliandikwa “Afrika” tu. Kwa watafiti wa Arusha na Meru, ambako Wamaasai ni majirani, pengo hilo si dogo: picha isiyo na mahali huwawia vigumu wahusika kuidai kuwa sehemu ya historia yao.