Picha za Galaksi na Anga ya Magamba

Picha ya kwanza kuonyesha mikono ya galaksi ya Andromeda ilipigwa na mkandarasi wa majengo. Isaac Roberts, mzaliwa wa Wales, alikuwa na darubini ya kioo cha sentimita 51 nyumbani kwake Maghull, karibu na Liverpool, na usiku wa tarehe 29 Desemba 1888 aliielekeza kwenye doa lile la ukungu ambalo al-Sufi wa Uajemi alikuwa ameliandika mwaka 964. Bamba la kioo lililopakwa dawa hukusanya nuru kwa saa kadhaa mfululizo, kazi ambayo jicho haliiwezi, na ndiyo maana mikono iliyojisokota kuzunguka kiini ilijitokeza. Roberts alidhani ameona jua jipya na sayari zake vikiumbika. Picha ilikuwa sahihi, tafsiri yake ndiyo iliyokosea.

Kilichokosekana ni kipimo cha umbali, nacho kilitoka kusini. Mawingu ya Magellan ni galaksi mbili ndogo zinazoonekana kwa macho matupu, ila Ulaya hazichomozi kabisa. Chuo Kikuu cha Harvard kilizipiga picha kutoka kituo chake cha Arequipa, Peru, na mabamba yakasafirishwa hadi Marekani, ambako Henrietta Leavitt aliyakagua nyota kwa nyota. Mwaka 1912 alitumia nyota 25 za Wingu Dogo kuonyesha kwamba, kati ya nyota za aina fulani ambazo mwanga wake hupanda na kushuka, ile yenye mzunguko mrefu zaidi ndiyo yenye mwanga mkali zaidi kwa asili. Edwin Hubble alipoipata nyota ya aina hiyo ndani ya Andromeda mwaka 1923, kwenye bamba la Mount Wilson, hesabu ikamwonyesha kwamba Andromeda iko nje kabisa ya Njia Nyeupe, galaksi yetu. Makadirio ya leo ya umbali huo ni miaka ya nuru milioni 2.5.

Baada ya hapo galaksi zikawa mali ya vituo vikubwa kwa miongo mingi. Filamu ilikuwa kikwazo kikubwa kwa asiye na darubini kubwa, kwa kuwa huchoka: kadiri inavyoachwa kwenye nuru hafifu, ndivyo inavyozidi kupoteza wepesi wa kuipokea. Miaka ya 1960 Mmarekani Evered Kreimer alipunguza tatizo hilo kwa kuipoza filamu kwa barafu kavu. Ufumbuzi wa kudumu ulikuwa kihisio cha kielektroniki, kilichobuniwa Bell Labs mwaka 1969 na kuwafikia wapenzi wa anga miaka ya 1990. Kihisio hakichoki, na picha nyingi fupi huweza kujumlishwa na kompyuta zikawa moja. Matokeo yake yalionekana kwenye Andromeda yenyewe: mwaka 2022 wapenzi watatu, Marcel Drechsler, Xavier Strottner na Yann Sainty, walipata utepe mkubwa wa gesi ya oksijeni kando ya galaksi hiyo, ambao wataalamu hawakuwa wameugundua.

Afrika Mashariki iliingia katika historia ya galaksi kwa mlango mwingine. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kupima mionzi ya eksirei ya angani, na iliikuta ikitoka kwenye makundi ya galaksi. Nchini Tanzania, hata hivyo, jua nalo limewahi kuvuta umati. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walimiminika Rujewa, Mbeya, kutazama kupatwa kwa jua kwa pete.

Kata ya Magamba, Mpanda, katika mkoa wa Katavi nchini Tanzania, iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na hapo pande zote mbili za historia hii huonekana. Andromeda hufika nyuzi 43 juu ya upeo wa kaskazini, na Wingu Kubwa la Magellan nyuzi 27 upande wa kusini. Tatizo ni kalenda. Wingu Kubwa hupanda juu usiku wa Desemba na Januari, wakati mvua za Katavi zimekwisha kukolea. Anayeitaka Andromeda wakati wa kiangazi hulazimika kukesha: katikati ya Septemba hufika juu kabisa kama saa nane usiku, huku moshi wa nyika zinazochomwa ukipunguza uangavu wa anga. Mei na Juni ni nafuu zaidi, kwani galaksi ya Centaurus A huwa juu mapema usiku.

Kuna pia ugumu wa mtambo. Kamera inayofuata nyota lazima izunguke kwa mhimili unaoelekea ncha ya anga, ambayo Magamba iko nyuzi 6 tu juu ya upeo wa kusini, ikizibwa kirahisi na miombo. Mpigapicha wa hapo hupanga mhimili kwa kuangalia nyota zinavyosogea kwenye picha za majaribio na kurekebisha kidogo kidogo.