Usimwite "Rushd": Jina la Mwanafalsafa na Haki ya Mwenye Jina

Katika insha na tasnifu zinazoandikwa kwa Kiingereza vyuoni mwetu, yupo mwanafalsafa anayebadilishwa jina kila ukurasa. Ukurasa wa kwanza ni Ibn Rushd, wa pili ni "Rushd", wa tatu ni Averroes, na katika orodha ya marejeo amekuwa "Rushd, I.", kana kwamba Ibn ndilo jina alilopewa siku ya kuzaliwa. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa dogo. Mimi naliona kuwa suala la historia na, kwa watumishi wa umma miongoni mwa wasomaji wangu, suala la haki.

Tuanze na mtu mwenyewe. Jina lake ni Abu al-Walid Muhammad ibn Ahmad ibn Muhammad ibn Rushd. Alizaliwa Córdoba, Andalusia, mwaka 1126, akafariki Marrakesh mwaka 1198. Alikuwa kadhi, tabibu na mfafanuzi mkubwa wa Aristotle, na ndiye aliyemjibu al-Ghazali katika kitabu chake Tahafut al-Tahafut. Jina lake yeye ni Muhammad; Ahmad ni babaye; Rushd ni mhenga wa ukoo. Kwa hiyo "Ibn Rushd" ni jina la nyumba nzima. Babu yake, aliyeitwa pia Muhammad na aliyekuwa pia kadhi wa Córdoba, alijulikana kwa jina hilohilo, na alifariki mwaka uleule wa 1126. Wanazuoni huwatofautisha kwa kumwita mmoja al-Jadd, yaani babu, na mwingine al-Hafid, yaani mjukuu. Mwandishi anayesema kwamba "Rushd" alimpinga al-Ghazali amemtwika mhenga hoja za kitukuu.

Kanuni yenyewe si ngumu. Jina likianza na Ibn, neno hilo halitengwi na linalofuata: huandikwa Ibn Rushd, Ibn Sina, Ibn Khaldun, kwa herufi kubwa, na katika orodha huwekwa chini ya I. Likiwa katikati ya nasaba huandikwa kwa herufi ndogo: Muhammad ibn Ahmad. Kiarabu chenyewe huonyesha tofauti hiyo, kwani kati ya majina mawili neno hilo hupoteza alifu yake. Ndipo ilipotoka "bin" yetu. Kiambishi "al-" kina kanuni nyingine: al-Ghazali aweza kuitwa Ghazali bila kosa, na hupangwa chini ya G.

Je, Averroes ni kosa? La. Jina hilo lilizaliwa Hispania, ambako "Ibn" ilitamkwa "Aven", kisha likavaa vazi la Kilatini katika tafsiri za karne ya 13. Likapata historia yake. Mwaka 1270 Askofu Étienne Tempier wa Paris alilaani hoja 13, mojawapo ikiwa ile ya akili moja kwa wanadamu wote, ambayo wasomi wa huko waliihusisha na Averroes. Hata leo Maktaba ya Bunge la Marekani humworodhesha kwa jina hilo. Ukiandika juu ya mabishano ya Paris, mwite Averroes. Ukiandika juu ya kadhi wa Córdoba na kitabu chake cha fikihi, Bidayat al-Mujtahid, mwite Ibn Rushd. Chagua kwa sababu, utaje jina la pili mara moja, kisha ushikilie ulilochagua.

Sisi tusingepaswa kuhitaji somo hili. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, alipita na misafara yake katika nchi hii ya Ugogo, ambako misafara ililipa hongo kwa watemi. Ukimwita "Muhammed" umemtaja babaye. Shaaban bin Robert alijulikana baadaye kama Shaaban Robert, na jina la baba likageuka kuwa la mwisho. Hapa Buigiri, kama kwingineko Ugogo walikofika wamisionari wa CMS, wazee wengi walipokea jina la ubatizo juu ya lile la Kigogo, na daftari likaamua lipi litangulie. Hata Dodoma, kwa simulizi za wenyeji, ni "Idodomya", yaani imezama, lililopitia kalamu ya mgeni.

Hapo ndipo neno langu linapowahusu walio ofisini. Fomu zetu zina visanduku vitatu: jina la kwanza, la kati na la mwisho. Visanduku hivyo hudhani kwamba kila mtu ana jina la ukoo kwa desturi ya Ulaya. Binti aliyeandikishwa shuleni kwa jina la babu, na katika cheti cha kuzaliwa kwa jina la baba, huambiwa akiwa mtu mzima kwamba yeye ni watu wawili. Hutafuta kiapo, hulipa nauli, hupoteza siku za kazi, kwa kosa ambalo si lake. Karani anayekata jina lake na mwanafunzi anayemkata Ibn Rushd wanafanya jambo moja: wanalazimisha nasaba ya mtu iingie katika kisanduku kisichotengenezwa kwa ajili yake.

Kabla ya kuandika jina la mtu, aliye hai au aliyekufa miaka mia nane iliyopita, tuulize kwanza limejengwaje. Anayemwita Ibn Rushd "Rushd" hajafupisha jina. Amemtaja mtu mwingine.