Sufuria Lenye Nyuzi Sita

Mpwa wangu ni baharia. Aliporudi Mombasa baada ya safari ya miezi tisa hakuniletea manukato wala redio. Aliniwekea mezani gitaa la chuma. Bodi lote lilimeta kwa nikeli, na tumboni, mahali ambapo gitaa huwa na tundu, palikuwa na kifuniko cha duara chenye vitundu vingi kama chujio.

"Shikamoo, mjomba. Nataka ulitie umeme, lakini usilitoboe."

"Marahaba. Kwanza niambie, hili ni gitaa au sufuria?"

Mimi ni fundi wa redio. Magitaa na udi vilinifuata kibandani kwa sababu mwenye kujua waya huletewa kila kitu chenye waya. Nilidonoa uzi mmoja tu, sauti ikatoka kubwa, kavu, kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Hapo nikaweka bisibisi chini. Sikutaka kulifungua kabla ya kumjua aliyewaza kuweka sufuria ndani ya gitaa, na shida iliyomfikisha huko.

Shida yenyewe ilikuwa kutosikika. Baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915, Wamarekani walipagawa na muziki wa Hawaii, ule ambao gitaa hulazwa mapajani na kipande cha chuma huteleza juu ya nyuzi. Muziki wenyewe mtamu, ila gitaa la mbao likiwekwa karibu na tarumbeta na ngoma huwa kama halipo. Huko Los Angeles, mpigaji mmoja, George Beauchamp, alimwendea John Dopyera, fundi wa banjo na fidla. Dopyera alihamia California na jamaa zake mwaka 1908, kutoka sehemu ambayo leo ni Slovakia. Walianza kwa kufunga honi ya gramafoni kwenye gitaa, haikufaa. Kilichofaa ni koni tatu nyembamba za alumini, kila moja upana wa kama sentimita 15, zilizofichwa ndani ya bodi la chuma. Uzi ukitikisika hutikisa daraja, daraja hutikisa koni, na koni husukuma hewa. Fundi redio yeyote akiiona atacheka, maana hiyo ni spika, imekosa waya tu.

Kampuni yao, National, ilianza kuuza magitaa hayo mwaka 1927. Punde likafuata gitaa la bei nafuu zaidi, lenye koni moja ya kama sentimita 24 iliyopinduliwa kama kofia, na juu yake kipande cha mbao cha duara ambacho Wamarekani wanakiita biskuti. Daraja hukaa juu ya biskuti hiyo. Dopyera na wenzake hawakuelewana. Akaondoka, akaungana na ndugu zake kutengeneza gitaa jingine, ambalo koni yake hutazama juu kama bakuli na daraja lake lina miguu minane kama buibui. Waliliita Dobro. Jina hilo ni kifupi cha Kiingereza cha "ndugu Dopyera", na kwa lugha ya kwao ni neno la kusifia kitu chema.

Gitaa la mpwa wangu ni la ukoo wa biskuti.

Kilichonichekesha ni kilichofuata. Beauchamp, yule yule aliyelilia sauti, hakutulia. Mwaka 1932 gitaa lake la umeme lilikuwa sokoni, la alumini, dogo, la mapajani, lenye sumaku mbili zilizopindwa zikakumbatia nyuzi. Lilikuwa na tumbo la duara na shingo ndefu, na watu wakalibandika jina la kikaango. Basi swali langu la sufuria halikuwa la kijinga. Miaka mitano tu baada ya koni kuajiriwa, kikaango kilikuwa kimeshaichukulia kazi.

Lakini koni haikufa. Waimbaji wa blues waliipenda kwa ule ukavu wake. Tampa Red aliirekodi tangu mwaka 1928, na Son House na Bukka White walijulikana nayo. Mwaka 1985 kundi la Dire Straits likaweka gitaa la National peke yake, likielea angani, kwenye jalada la Brothers in Arms. Kufikia hapo hakuna aliyelitaka kwa ukubwa wa sauti. Walilitaka kwa rangi ya sauti. Ndiyo maana leo gitaa lililobuniwa ili lisihitaji umeme linaletwa kwangu kutiwa umeme.

Njia ya sumaku ningeiweza. Ila sumaku husikia uzi tu, haisikii koni, na bila koni mpwa wangu angekuwa amebeba chuma kizito bure. Maikrofoni nayo husikia kila kitu, pamoja na vigelegele na watoto. Ikabaki piezo.

Piezo ina historia ndefu kuliko gitaa hilo. Mwaka 1880, mjini Paris, ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme kidogo. Walijaribu kwaruzi, tumalini, hata sukari ya miwa. Bora kuliko nyingi ilikuwa chumvi ya Rochelle, ambayo kabla ya hapo wafamasia waliiuza kama dawa ya kuharisha. Miaka ya 1930 chumvi hiyo ikaingia kwenye vichwa vya gramafoni: sindano ikitetemeka ndani ya santuri, huibana fuwele, na fuwele hutoa umeme. Ubaya wake hunyonya unyevu na haivumilii joto. Marehemu fundi aliyenifundisha kazi alikuwa na kopo zima la vichwa vilivyooza kwa hewa ya pwani, na alikuwa akisema Mzungu ametuuzia chumvi mahali penye bahari. Kilichotuokoa ni kauri zilizobuniwa miaka ya 1940 na 1950, ambazo unyevu hauziyeyushi. Miaka ya 1960 kampuni ya Barcus-Berry ya California ikawa inauza piezo za kubandika kwenye ala. Leo kauri ile ile, iliyobandikwa juu ya kisahani chembamba cha shaba, imo kwenye saa za kengele na kadi zinazoimba.

Yangu niliitoa kwenye saa mbovu, upana milimita 15. Kulehemu waya kwenye shaba ni rahisi. Kwenye kauri ni kugusa na kutoka, maana ukichelewa fedha iliyopakwa juu hubanduka, na kisahani cha kwanza nilikiua hivyo. Cha pili nilikibandika chini ya kifuniko, sauti ikawa ya bati la mvua. Nikakihamishia kwenye koni yenyewe. Hapo ilikuwa kubwa mno, spika ikapiga mluzi kabla sijashika uzi, na katika kukibandua nikaibonyeza koni kwa kidole gumba ikaingia kibonyeo. Kibonyeo hicho kipo hadi leo na mpwa wangu anakijua.

Hapo ndipo nilipoelewa chombo chenyewe. Piezo haisikilizi hewa, inasikia kwa kuguswa. Ukiibandika kwenye bati itakusimulia habari za bati. Niliishusha kwenye biskuti, pembeni ya daraja, mahali ambapo uzi hukabidhi mtikisiko wake kwa koni. Nikaunganisha koti la waya na bodi, mvumo ukanyamaza. Kwenye mixa besi ilipotea, kwa kuwa piezo hutaka kupokewa na mlango wa ukinzani mkubwa, kama megaomu moja. Nikajenga kikasha chenye transista moja na betri ya volti 9, besi ikarudi. Waya ulitokea kwenye kitundu cha kifuniko. Sikutoboa kitu.

Jioni ya kwanza alipiga uani kwa dada yangu, kwenye sherehe ya binti wa jirani. Wanawake walipiga vigelegele karibu kabisa na gitaa, na spika haikurudia hata kimoja. Nilijiona bingwa. Kisha stima ikapotea. Kinanda kikakatika, maikrofoni ya mwimbaji ikafa, kikasha changu chenye betri yake kikabaki kinatuma sauti kwenye amplifaya iliyolala. Mpwa wangu hakusimama. Aliendelea kupiga gizani, na sisi tuliokaa hadi ukutani tukamsikia, uzi kwa uzi, kavu kama pipa. Ilikuwa ile koni, pamoja na kibonyeo changu, inafanya kazi iliyoajiriwa kuifanya mwaka 1927.