Ndoa za watumwa na barua ya Papa Gregori wa 13

Mara nyingi wakatekumeni hutuuliza: Kama Yezu Kristu alikataza talaka, kwa nini pengine Eklezya inaruhusu mtu aliyebatizwa kuoa tena, na mke wake wa kwanza yungali hai? Jibu laanza na Mtume Paulo. Asema kwa Wakorinto (1 Kor. 7) kwamba mwenzi mpagani akikataa kukaa na mkristu, basi na aende, ndugu yule hafungwi. Ndiyo sababu padri hupaswa kwanza kumwuliza yule mpagani: Wataka kubatizwa? Kama hutaki, wataka kukaa naye kwa amani, pasipo kumtukana Muumba?

Lakini ulifika wakati ambapo swali hilo halikuweza kuulizwa. Wareno walijenga Luanda mwaka 1575, na Wajezwiti walifika pamoja nao. Toka pwani ile watu walipakiwa merikebuni, mume huku, mke kule, wengi wakapelekwa Brazili. Mtu akibatizwa ng'ambo ya bahari, nani atavuka kumtafuta mke wake? Pengine hata mwenyewe hakujua mke aliuzwa wapi.

Tarehe 25 Januari 1585 Papa Gregori wa 13 aliandika barua iitwayo Populis ac nationibus. Alitaja Angola, Etyopya na Brazili kwa majina. Aliwapa maaskofu, maparoko na mapadri Wajezwiti uwezo wa kuwaondolea watumwa hao lazima ya kuuliza. Tena aliongeza neno zito: ndoa ya pili itasimama, na watoto wake ni halali, hata ikijulikana baadaye kwamba mwenzi wa kwanza naye alikuwa amekwisha kubatizwa. Kwani tangu ubatizo wao wawili hao hawakukutana kamwe kama mume na mke.

Tusiite jambo hilo talaka. Anayetoa talaka humfukuza mwenzi wake; hawa walinyang'anywa. Nami nikisoma barua ile, nafurahi na kuona haya pamoja: ilimhurumia mume aliyepotewa na mke, bali merikebu haikuambiwa irudi.

Sheria ya Eklezya ya mwaka 1917 (kanuni 1125) ilieneza ruhusa hiyo popote penye hali kama ile. Ile ya mwaka 1983 (kanuni 1149) yataja utekwa na mateso. Kwetu Kivu, ambako watu wenye silaha wamechukua wake za watu porini, kanuni hiyo si ya vitabu tu. Lakini ni kwa wale waliooana kabla ya kubatizwa. Wakristu wawili waliooana na kukaa pamoja, hata vita haiwatengui. Mume yule twapaswa kumsaidia kungoja.